Kidole, probu na sekunde kumi

Weka vidole viwili shingoni mwako, kando ya koromeo, ubonyeze kidogo. Mshipa unadunda, huhitaji shule kuusikia. Sasa jaribu hivyo hivyo saa nane ya usiku, umepiga magoti kwenye sakafu yenye damu, umeme umekatika na jenereta bado inakohoa, shingo yenyewe ni nene, ya dereva aliyechomolewa kwenye kabini ya lori, na utingo wake amesimama nyuma yako anauliza, "Musawo, bado yupo?" Mdundo utausikia. Ila huenda ukawa ni wa ncha za vidole vyako mwenyewe.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura kwenye barabara kuu ya kutoka Malaba kwenda Kampala. Mchana wodi yetu inaongea Kiteso, Kijapadhola, Kisamia na Luganda. Usiku, malori yakianza kuanguka, inaongea Kiswahili, kwa sababu dereva ametoka Mombasa, utingo wake ni mtu wa Goma, na askari aliyewaleta alijifunzia lugha hiyo kambini. Sote pale tunaitwa musawo, yaani tabibu kwa Luganda, kuanzia daktari mpaka anayesukuma machela. Usawa huo unaishia kwenye jina, na nitalirudia hilo.

Tangu mashine za altrasaundi, zile za kupiga picha ya ndani ya mwili, zilipopungua ukubwa hadi zikaingia mfukoni, kuna pendekezo linalopata nguvu: tunapomhudumia mtu ambaye moyo wake umesimama, tuache kupapasa shingo, tuweke probu, kile kichwa cha mashine kinachopitishwa mwilini, na kutazama kama damu inapita. Naliunga mkono. Lakini nimeona pia jinsi kifaa hicho kinavyoweza kumnyima mgonjwa nafasi yake ya mwisho, na kosa si la kifaa.

Kwamba kidole ni shahidi dhaifu si maoni yangu. Mwaka 1996 watafiti wa Ujerumani walifanya jaribio la kijanja. Waliwatumia wagonjwa wa upasuaji wa moyo: wakati mwingine damu yao ilikuwa inazungushwa na mashine, kwa hiyo mishipa yao ilikuwa haidundi kabisa, na wakati mwingine mishipa yao ilikuwa inadunda kama kawaida. Wakawaita watu 216, kuanzia raia waliofundishwa kuokoa maisha hadi wahudumu wa dharura wanaojifunza na wenye vyeti, wakawaambia: gusa shingo, useme. Waliotoa jibu ndani ya sekunde 10 walikuwa asilimia 16.5. Kati ya 59 waliopewa mgonjwa asiye na mapigo, ni mmoja tu aliyelitambua hilo katika muda huo. Upande wa pili, shingo ilikuwa inadunda na bado asilimia 45 ya wapimaji walisema hakuna kitu. Na hao walikuwa katika chumba cha upasuaji, taa zimewaka, mgonjwa ametulia tuli, hakuna ndugu anayelia mlangoni.

Mwaka 2000 miongozo ya kimataifa ikawaondolea raia wa kawaida kazi ya kupima mapigo. Siku hizi wanaambiwa: mtu akizirai na hapumui sawasawa, anza kubonyeza kifua. Sisi wa hospitalini tukaachiwa kidole chetu, kwa sharti kisikae shingoni zaidi ya sekunde 10.

Probu yetu ndogo huunganishwa na simu. Ukiilaza shingoni kwa upana, kioo cha simu kinakuonyesha viduara viwili vimekaa jirani. Kimoja ni vena, na ukikandamiza kidogo tu kinalala bapa. Kingine ni ateri, ukuta wake ni mnene zaidi, na kama moyo unasukuma damu kitabaki mviringo, kikijaa na kupungua mbele ya macho yako. Kama hakuna damu inayosukumwa, nacho kinabonyea kama jirani yake. Hapo hubahatishi, unaona. Ukiwasha Doppler, mashine inakupa na kasi ya damu. Watafiti wa Marekani walitoa matokeo mwaka 2022 ya wagonjwa 54 waliopimwa mshipa wa kinena, jumla ya vipimo 213, wakati wa kuhudumiwa baada ya moyo kusimama. Doppler ilikuwa sahihi kwa asilimia 95.3, vidole kwa asilimia 54.0. Asilimia 54 haiko mbali na kurusha shilingi juu. Waliona pia kwamba kasi ya sentimita 20 kwa sekunde ndiyo iliyotenganisha vizuri zaidi mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu, ile namba ya juu, ni 60 au zaidi na yule ambaye damu yake haifiki popote.

Basi tunabishania nini? Sekunde.

Kifua hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Aliyewahi kuchota maji kwenye pampu ya kisima cha kijiji ataelewa haraka: unapampu mara kadhaa pasipo kitu, ndipo maji yanaanza kutoka. Ukiachia mkono, yanarudi chini, na ukirudi lazima uanze upya. Shinikizo la damu linaloulisha moyo wenyewe huenda hivyo hivyo. Kila tunaposimama kupima mapigo, tunaachia mkono wa pampu. Mwaka 2017 watafiti wa Maryland, Marekani, walipima video za wagonjwa 23. Bila altrasaundi, kusimama kulichukua wastani wa sekunde 13, ambazo tayari zimezidi. Kwa altrasaundi, 21.

Nilipozisoma namba hizo sikushangaa, kwa sababu nilikuwa na 27 yangu.

Hospitali ile sitaitaja, nimeshaiacha. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa makamo, ameanguka sokoni, ameletwa nyuma ya pikapu ya matunda. Daktari kijana, wa mafunzo, mwenye bidii na moyo mzuri, alikuwa amerudi kutoka kozi na probu yake mwenyewe. Ilipofika wakati wa kupima mapigo akasema tusimame, akaichimbiza chini ya mfupa wa kifua kuutafuta moyo. Tumbo lilikuwa limejaa hewa tuliyoisukuma kwa mpira wa kupumulia, kwa hiyo kioo kilionyesha giza na mawingu. "Hapa... hapana, ngoja... hapa hapa." Sote tuliinamia ile simu kama watu waliobanana kibandani kutazama penalti. Hata aliyekuwa anabonyeza kifua alikuwa ameshika nyonga, anatazama. Saa yangu imebanwa hapa kifuani, kama ya wauguzi wote, na mshale wake nilikuwa nauona. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na saba ndipo aliposema, "Sioni vizuri, endeleeni."

Nilihesabu zote ishirini na saba, na sikusema kitu.

Sidai kwamba zile sekunde ndizo zilizomuua. Alikuja amechelewa, na wengi wa namna yake hawarudi hata mkono usipoachia. Ninachojiuliza ni kwa nini nilinyamaza. Jibu halihusu mashine. Yeye daktari, mimi sista. Nilijibembeleza kwamba labda ameona kitu nisichokiona. Katika hospitali zetu muuguzi anaweza kumkumbusha daktari kwamba dawa imeisha. Kumwambia "toa mkono, muda umekwisha" mbele ya ndugu wa mgonjwa ni jambo jingine. Kwa kidole, kimya changu kingegharimu sekunde tatu au nne, kwa sababu daktari mwenyewe huchoka kupapasa. Kioo hakimchoshi mtu. Kinamwahidi kwamba akiinamisha mkono kidogo tu, jibu litatokea.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni mafunzo zaidi ya kusoma picha. Kusoma picha kunafundishika, na Uganda imeshathibitisha. Mengo, Kampala, kuna Taasisi ya Ernest Cook ambayo imetoa wapiga picha wa altrasaundi kwa miaka mingi. Katika kituo cha afya cha Nawanyago, wilayani Kamuli, wakunga walifundishwa kuwapiga picha wajawazito na kuzituma kwa mtandao wa simu zikasomwe mbali. Nyakibale, wilayani Rukungiri, hospitali ya misheni ya Karoli Lwanga ilianza kuwafundisha wauguzi tiba ya dharura kabla vyuo vyetu vikuu havijaanza kutoa madaktari bingwa wa fani hiyo, na altrasaundi ilikuwa sehemu ya kazi yao. Asiniambie mtu kwamba muuguzi hawezi kushika probu. Anaweza. Kisichofundishwa popote ni nani mwenye ruhusa ya kuikatiza.

Madaktari wa California walilitatua hili mwaka 2018 kwa utaratibu usio na makuu. Probu inawekwa mahali pake mikono ikiwa bado inabonyeza, picha inatafutwa katikati ya kelele hiyo hiyo. Kila mapumziko yana swali moja, si matatu. Video inarekodiwa, mikono inarudi kifuani, halafu ndipo video inasomwa. Mapumziko yakafupika. Miongozo ya Ulaya ya 2021 ilisema karibu hivyo: atumie mwenye ujuzi, na asiongeze muda wa kusimama. Mimi naongeza neno moja: aanzie shingoni. Anayepima shingo yuko kichwani mwa mgonjwa, hagombanii nafasi na anayebonyeza, na viduara viwili vya shingoni havifichwi na hewa ya tumboni. Swali la "kuna mapigo?" ni la shingo. Moyo una maswali yake, na uulizwe hayo tu.

Kwa kwetu liko moja linalostahili. Kifua kikuu hujaza maji kwenye kifuko cha moyo, nasi tunakiona mara nyingi kuliko Wazungu, hasa kwa wenye virusi vya UKIMWI. Maji yakizidi, moyo unabanwa, na hakuna kubonyeza kutakakousaidia mpaka yatolewe kwa sindano. Katika utafiti wa hospitali 20 za Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2016, waliorudi nyumbani wazima kati ya wagonjwa wote 793 walikuwa asilimia 1.6, kati ya wachache walionyonywa maji hayo, asilimia 15.4. Upande wa kulia wa moyo, kwa upande mwingine, usiukimbilie. Chemba ile hutanuka karibu kwa kila moyo uliosimama, na majaribio ya nguruwe yameonyesha hivyo hata pale sababu ilipokuwa ni kupoteza damu. Ukiiona imevimba ukatangaza bonge la damu mapafuni, unajidanganya.

Lakini faida iliyonifanya niitetee mashine hii si maji ya kwenye moyo. Ni damu.

Mama aliletwa kwa boda boda, amebanwa katikati ya mwendeshaji na shangazi yake, amejifungua saa mbili kabla katika kituo cha afya ambacho hakikuwa na cha kumpa zaidi ya dripu. Kitenge chake kilikuwa kizito kwa damu. Kwenye mashine ya moyo mistari ilikuwa inaruka, ya haraka, midogo. Kidole changu hakikusikia kitu. Kidole cha daktari pia. Kwa sheria ya kidole, huyo moyo wake umesimama. Probu ilipokaa shingoni, kile kiduara kilikuwa chembamba kama mrija wa soda, lakini kilikuwa kinajaa na kupungua. Moyo ulikuwa unapiga, hauna cha kupiga.

Hali hiyo ina jina refu kwenye vitabu, na wataalamu bado wanabishana kama kifua cha mgonjwa wa namna hiyo kiendelee kubonyezwa au la. Kwa muuguzi wa barabarani tofauti ni moja: badala ya kutafuta adrenalini nyingine na kuangalia saa ya kuacha, tulimbana mfuko wa uzazi, tukafungua dripu mbili, mtu akakimbilia maabara. Chupa za damu zilikuwa tatu za kundi lake. Ingekuwa likizo ya shule, huenda isingekuwepo hata moja, kwa sababu damu inayokusanywa na huduma ya taifa pale Nakasero inatoka kwa wanafunzi kwa sehemu kubwa, na wakifunga shule friji zetu zinabaki na barafu. Yule mama alirudi nyumbani. Shangazi yake alirudi wiki iliyofuata na kuku, na kuku ni mkubwa kuliko risala yoyote.

Wengi wanaolala wamepauka kwenye vitanda vyetu ni wa namna hiyo: ajali, uzazi, mtoto ambaye malaria imemla damu. Ulaya na Marekani anayeanguka mara nyingi ni mzee mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, na altrasaundi ikimwambia daktari kwamba bado kuna mdundo hafifu, hana kitu rahisi cha kumpa. Sisi tunacho: maji, damu, na mkono unaobana panapotoka. Kwa hiyo probu ina thamani kubwa Tororo kuliko Toronto, na sijaona mtu akiisema hivyo.

Badala yake nasikia inasifiwa kwa kazi iliyo kinyume: kutuambia tuache. Moyo ukionekana umetulia kwenye kioo, mwisho wa habari. Najua kwa nini inavutia. Chumba kina vitanda vinne na wagonjwa saba, anayebonyeza ameloa jasho, ndugu wamekataa kutoka nje. Nimemwona daktari akimgeuzia kaka wa marehemu simu: "Tazama mwenyewe, umesimama." Kaka akatazama zile rangi za kijivu asizozielewa, akavua kofia. Hakukuwa na ugomvi, hakukuwa na "mmemwacha kwa sababu hatuna pesa". Sitamlaumu yule daktari.

Lakini picha ile haina uhakika tunaoipa. Mwaka 2018 madaktari 127 walionyeshwa video fupi 15 za mioyo ya watu waliokuwa wakihudumiwa, wakaulizwa jambo moja: umesimama, haujasimama? Makubaliano yao yalikuwa ya wastani tu. Video ile ile, huyu anasema umekufa, yule anasema valvu imetikisika. Na katika ule utafiti wa hospitali 20, ambao moyo wao haukuonyesha mwendo wowote walirudi nyumbani asilimia 0.6, dhidi ya 3.8 ya waliokuwa na mwendo. Asilimia 0.6 ni ndogo sana, lakini ni watu. Kioo kiwe shahidi mmoja kati ya kadhaa: muda uliopita, sababu ya kuanguka, kama kuna aliyeanza kubonyeza kule barabarani. Siku nikiona hospitali inaandika "altrasaundi: moyo umesimama" kama mstari pekee wa kueleza kwa nini waliacha, nitajua kifaa kimekuwa shuka la kujifunikia.

Kuhusu bei niseme kwa ufupi. Probu ya bei nafuu iliyoingia sokoni Marekani miaka ya 2017 na 2018 iliuzwa chini kidogo ya dola 2,000, yaani shilingi za Uganda milioni 7 na zaidi, na juu yake kuna ada ya programu kila mwaka. Ikilinganishwa na mashine kubwa ya magurudumu ni bei ya mchicha. Ikilinganishwa na bajeti ya glavu zetu, si mchicha. Jeli ikiisha, uji mwepesi wa wanga wa mahindi uliochemshwa ukapoa unatosha kabisa. Kinachoisha kweli ni ufunguo: kifaa cha msaada hufungiwa kabatini kwa mkuu ili kisiibwe, na mkuu hulala nyumbani kwake kama binadamu wengine. Probu ya dharura iliyo nyuma ya kufuli saa nane ya usiku ni pambo.

Hapa nilipo sasa tuliipata yetu mwaka jana, na ilipokuja niliomba kitu kimoja kabla haijatolewa kwenye boksi: ateuliwe mtu wa kuhesabu, kwa sauti, na sauti yake iwe amri. Daktari alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Ugumu ukawa nani. Usiku tuko wauguzi wawili, na sote mikono imejaa. Mfanya usafi aliona aibu. Mwisho tukamchukua askari wa lango, mzee mmoja aliyestaafu jeshini, ambaye anakuja mbio na machela kila lori linapoanguka na hana cha kufanya baada ya hapo. Tulifanya zoezi kwenye godoro lililokunjwa, jioni tatu. Anasimama ukutani, hatazami simu, anatazama mikono. Mikono ikiinuka kifuani anaanza: moja, mbili, tatu.

Juzi alifika kumi. Daktari alikuwa bado ameinama juu ya shingo ya kijana wa boda boda, kidole kiko kwenye kioo, anajaribu kuisogeza picha. Mzee akasema "kumi" mara ya pili, kwa ile sauti anayowafukuzia madereva wanaoegesha langoni. Mikono ikarudi kifuani, na daktari, bila kuinua uso, akaanza kuirudisha video nyuma aisome.